MAELEZO KWA WANANCHI: UPANDAJI NA UTUNZAJI WA WARIDI LA JANGWANI MAJUMBANI

Kila unapoingia msimu wa kiangazi, pepo za kaskazi zinapovuma na mvua za vuli zikawa zimekwisha, kaya nyingi za Unguja na Pemba hukabiliwa na shida ya maji. Hali huwa nzito zaidi katika vijiji vya maweni, ambako udongo ni haba na visima vilivyo karibu na ufuo huanza kutoa maji yenye chumvi. Katika miezi hiyo mama wa nyumba hulazimika kuamua kama ndoo aliyoiteka iende jikoni, iende kwenye josho la nguo au imwagiwe maua yaliyo mbele ya baraza. Kwa kawaida maua ndiyo hukosa, na bustani iliyopandwa kwa jitihada wakati wa masika hukauka kabla ya masika mengine kufika.

Maelezo yafuatayo yanahusu mti mmoja wa mapambo unaoweza kustahimili hali hiyo, nao ni waridi la jangwani. Yanaeleza asili yake, namna ya kuuotesha na kuutunza katika mazingira ya visiwani, na pia hatari iliyomo ndani yake. Suala hilo la mwisho lina uzito usiopungua yale ya mwanzo, kwani mti huu mzuri una sumu, na mwananchi anayekusudia kuupanda anapaswa kulijua jambo hilo kabla ya kuuleta nyumbani.

ASILI NA UMBO LA MTI

Waridi la jangwani, ambalo vitabu vya mimea hulitaja pia kwa jina la mdagu, huitwa kitaalamu Adenium obesum. Ingawa watu wameuzoesha jina la waridi, mti huu hauna udugu wowote na waridi la kawaida. Ni wa ukoo mmoja na mlianda unaopandwa kandokando ya barabara katika miji mingi ya nchi za joto. Mimea mingi ya ukoo huo hutoa utomvu inapokatwa, na mingi ina sumu.

Kwa asili mti huu huota katika nchi kavu za Afrika, kuanzia Senegal upande wa magharibi, kupitia ukanda wa kusini mwa jangwa la Sahara, hadi Ethiopia, Somalia, Kenya na Tanzania. Ng'ambo ya bahari hupatikana Yemen, Saudi Arabia na katika milima ya Dhofar iliyoko kusini ya Oman. Katika kisiwa cha Socotra wapo jamaa zake wenye mashina manene mno, yanayofanana na chupa kubwa zilizosimamishwa juu ya majabali. Mtaalamu wa kwanza wa Ulaya kuuandika ni Peter Forsskål, aliyefariki Yemen mwaka 1763 akiwa katika msafara wa uchunguzi uliotumwa na mfalme wa Denmark. Maandiko yake yalichapishwa mwaka 1775. Jina la Adenium linatokana na Aden, na neno obesum kwa Kilatini lina maana ya kitu kinene.

Unene huo ndio siri ya mti wenyewe. Sehemu ya chini ya shina pamoja na mzizi mkuu huvimba mfano wa kibuyu, na ndani yake huhifadhiwa maji. Mvua inaponyesha mti hunywa na kujaza ghala lake. Ukame unapoingia hutumia akiba hiyo kidogo kidogo, na hali ikizidi kuwa ngumu hupukutisha majani ili maji yasipotee hewani. Kwa sababu hiyo mtu asiyeujua huweza kudhani kuwa umekufa, akaung'oa na kuutupa, kumbe umepumzika tu. Ili kuhakikisha, inatosha kulibonyeza shina kwa kidole. Shina gumu ni dalili ya uzima, na shina teke linalobonyea ovyo ni dalili ya kuoza au ya kuishiwa maji.

Katika bustani mti huu kwa kawaida hauzidi urefu wa mita 2. Majani yake ni mazito na hukusanyika kwenye ncha za matawi. Maua yake yana mapande matano, rangi yake ni ya waridi au nyekundu iliyofifia kuelekea kati, na huweza kuchanua mara kadhaa kwa mwaka endapo mti unapata jua la kutosha.

FAIDA KATIKA MATUMIZI YA MAJI

Ili kuelewa faida ya mti huu, ichukuliwe mfano wa kaya yenye vyungu 10 vya maua ya kawaida, kila kimoja kikimwagiwa lita 2 za maji kila siku wakati wa kiangazi. Matumizi hayo ni lita 20 kwa siku, yaani ndoo moja kamili, na kwa mwezi wa siku 30 hufikia lita 600. Kaya hiyo hiyo ikiwa na vyungu 10 vya waridi la jangwani, ikavimwagia kiasi kile kile mara mbili tu kwa wiki, itatumia takriban lita 160 kwa mwezi. Maji yanayookolewa ni lita 440, sawa na ndoo 22 za lita 20.

Wananchi wanakumbushwa kuwa maji matamu ya visiwani yanatokana na mvua inayopenya ardhini na kukaa juu ya maji ya bahari yaliyo chini yake. Maji yanapotekwa kwa wingi kuliko mvua inavyorudisha, chumvi hupanda na kisima huharibika. Kwa hivyo kila ndoo isiyomwagwa bure ni akiba ya kaya husika na ya majirani wanaotumia kisima hicho.

MAHALI PA KUPANDA

Mti huu unahitaji mambo mawili makubwa, nayo ni jua na udongo usiotuamisha maji. Uwekwe mahali panapopata jua la moja kwa moja kwa muda usiopungua saa 6 kwa siku. Ukiwekwa chini ya mwembe au nyuma ya ukuta mrefu, matawi yatarefuka kwa kutafuta mwanga na maua yatakuwa machache.

Kinyume na wanavyodhani wengi, adui mkubwa wa waridi la jangwani hapa visiwani si ukame. Adui wake ni masika. Mvua za kuanzia Machi hadi Mei huweza kunyesha siku kadhaa mfululizo, na mzizi uliolowa bila kupumua huanza kuoza kwa ndani. Kwa ajili hiyo inashauriwa mti upandwe chunguni, ili uweze kuhamishiwa upenuni wakati wa mvua kubwa.

Mwenye kutaka kuupanda ardhini achague sehemu ya mwinuko, au atengeneze tuta la mawe na mchanga lenye kimo cha sentimita 30 hivi na kuupanda juu yake. Ardhi ya maweni, ambayo haifai kwa mazao mengi, hufaa kwa mti huu kwa kuwa maji hayatuami. Ardhi ya kinamo na mabonde ya mpunga hayafai kabisa.

UTAYARISHAJI WA CHUNGU NA UDONGO

Chungu kiwe na matundu chini. Chungu cha udongo wa kuchoma ni bora kwa sababu hupitisha hewa, ila ndoo au dumu lililokatwa pia hufaa iwapo litatobolewa vizuri. Chombo kipana kisicho na kina kirefu ni bora kuliko chombo chembamba.

Mchanganyiko wa udongo unaopendekezwa ni kama ufuatao:

(a) Mafungu mawili ya mchanga mnene.
(b) Fungu moja la kokoto ndogo au vipande vya matofali vilivyopondwa.
(c) Fungu moja la samadi ya ng'ombe iliyooza vizuri, au mboji.

Mchanga wa ufukweni usitumiwe. Kwanza una chumvi, na pili uchukuaji wake unaharibu fukwe na kuyaacha makazi wazi mbele ya mawimbi. Samadi mbichi nayo isitumiwe, kwani huunguza mizizi. Ili kuupima mchanganyiko, umwagiwe maji kikombe kimoja. Maji yakipita na kutoka chini kwa muda mfupi udongo umefaa, na yakisimama juu yaongezwe mchanga na kokoto.

Chungu kiinuliwe juu ya mawe matatu ili matundu yasizibe. Kisahani cha kukingia maji kisiachwe chini ya chungu, kwa sababu maji yanayosimama huozesha mizizi na kuwa mazalio ya mbu.

UOTESHAJI KWA MBEGU

Mti uliotokana na mbegu huunda shina nene mapema na kwa umbo zuri zaidi. Matunda hutoka mawili mawili, yakiwa marefu na yamepinda mfano wa pembe. Yakikomaa hupasuka na kutoa mbegu zenye vishungi vya nywele katika ncha zote mbili, ambazo hupeperushwa na upepo. Kwa hivyo mwenye kutaka mbegu alifunge tunda kwa uzi kabla halijapasuka, nalo liachwe mtini hadi likauke.

Mbegu zipandwe zikiwa mpya, kwani nguvu yake hupungua kadiri zinavyokaa. Zilazwe juu ya udongo wenye unyevu na kufunikwa kwa mchanga kiasi cha nusu sentimita, kisha chombo kiwekwe penye joto na kivuli chepesi. Kwa kawaida huanza kuota ndani ya wiki moja. Katika kipindi hiki udongo usiachwe ukauke kabisa, wala usiloweshwe kupita kiasi. Miche ikishapata majani kadhaa izoeshwe jua kidogo kidogo, kuanzia jua la asubuhi, na baadaye kila mmoja uhamishiwe katika chungu chake. Mche uliotunzwa vyema huweza kutoa maua ya kwanza kati ya mwaka mmoja na miwili.

UOTESHAJI KWA VIPANDIKIZI

Tawi lenye afya, la urefu wa sentimita 15 hadi 20, hukatwa kwa kisu kikali na safi. Utomvu hupanguswa, na tawi huwekwa kivulini kwa siku 3 hadi 7 mpaka kidonda kikauke kabisa. Kulipanda likiwa bichi ni kuliozesha. Baada ya hapo hupandwa katika mchanga wenye unyevu mdogo, na humwagiwa maji kwa uangalifu hadi majani mapya yatokeze. Njia hii hutoa mti wenye maua yanayofanana na ya mama yake, bali unene wa shina huchelewa. Wenye vitalu wanaotaka rangi mbalimbali katika mti mmoja hutumia njia ya kubebesha.

UMWAGILIAJI NA UTUNZAJI

Kanuni ya umwagiliaji ni rahisi. Mti umwagiwe hadi maji yatoke matunduni, kisha uachwe mpaka udongo ukauke. Kabla ya kumwagia tena, kidole kitiwe udongoni kiasi cha sentimita 5. Ikiwa bado pana unyevu, maji yasitiwe. Wakati wa kiangazi mti wa chunguni kwa kawaida huhitaji maji mara moja au mbili kwa wiki. Wakati wa masika huenda usihitaji hata kidogo. Katika kipupwe, mti unapopukutisha majani na kulala, maji yapunguzwe sana.

Maji ya mvua yaliyokingwa kutoka paani ndiyo bora. Mahali ambapo hapana budi kutumia maji ya kisima yenye chumvi kidogo, udongo uoshwe mara kwa mara kwa kuumwagia maji mengi ya mvua ili chumvi isijikusanye chunguni.

Samadi iliyooza au mboji iongezwe kidogo wakati mti unapoanza kuchipua. Matawi yaliyorefuka ovyo yapunguzwe baada ya kipupwe, kwani maua hutokea kwenye ncha za matawi machanga. Kipindi hicho kinafaa pia kwa kuhamishia mti katika chungu kikubwa zaidi, kazi ambayo huweza kufanywa kila baada ya mwaka mmoja au miwili. Wapenzi wa mti huu huupandisha juu kiasi cha sentimita 2 au 3 kila wanapouhamisha, ili sehemu iliyovimba ionekane. Mti uliohamishwa usimwagiwe maji kwa siku chache, mpaka majeraha ya mizizi yakauke.

WADUDU NA MARADHI

Waharibifu wanaoonekana zaidi ni vidukari, vidudu vyeupe mfano wa pamba, utitiri mwekundu unaokaa chini ya majani wakati wa ukame, na viwavi wanaokula majani. Viwavi waokotwe kwa mkono uliofunikwa. Wadudu wadogo wanyunyiziwe maji yenye sabuni, kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji katika lita moja, wakati wa jioni jua linapokuwa limepoa.

Ugonjwa mkubwa ni kuoza kwa shina na mizizi. Dalili zake ni shina kuwa teke, majani kugeuka manjano ilhali udongo una maji, na harufu mbaya. Hatua ichukuliwe siku hiyo hiyo. Mti ung'olewe, sehemu yote iliyooza ikatwe hadi ionekane nyama safi, na kidonda kipakwe unga wa mkaa. Mti uwekwe penye hewa na kivuli mpaka ukauke, ndipo upandwe upya katika udongo mkavu. Kisu kisafishwe kila baada ya kukata.

TAHADHARI JUU YA SUMU

Sehemu zote za waridi la jangwani, yaani mizizi, shina, majani, maua, mbegu na hasa utomvu, zina sumu inayodhuru moyo. Wahadzabe wanaoishi karibu na Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania, hutengeneza sumu ya mishale kutokana na mti huu, nayo humuangusha mnyama mkubwa. Jambo hilo pekee linatosha kumfahamisha kila mzazi kwamba mti huu si wa kuchezewa.

Hatari kubwa ni kwa watoto wadogo, ambao huvutiwa na rangi ya maua na hupenda kutia kila kitu mdomoni. Mbuzi na ng'ombe wanaofungwa karibu na nyumba nao huweza kudhurika. Kwa hivyo wananchi wanatakiwa kuzingatia yafuatayo:

1. Mti uwekwe mahali ambapo mtoto mdogo hafikii, kama vile juu ya ukuta wa baraza, au uzungushiwe uzio. Kaya yenye watoto wanaotambaa ni vyema isubiri mpaka wakue.

2. Watoto wakubwa waelezwe waziwazi kuwa maua hayo hayachumwi wala hayatafunwi. Katazo bila maelezo huzidisha hamu.

3. Anayekata matawi avae mipira ya mikono au mifuko ya plastiki, asijiguse macho wala mdomo, na anawe kwa sabuni amalizapo.

4. Matawi yaliyokatwa yazikwe. Yasitupwe penye malisho, yasitiwe katika visima au mito, yasitumiwe kuwa kuni wala vijiti vya mishikaki.

5. Sehemu yoyote ya mti huu isitumiwe kuwa dawa ya kunywa. Tofauti kati ya kiasi kidogo na kiasi kinachoua haipimiki nyumbani.

6. Muuzaji wa miche ana wajibu wa kumweleza mnunuzi habari ya sumu kabla ya kupokea fedha.

Mtu aliyekula sehemu ya mti huu huweza kupatwa na kichefuchefu, kutapika, kuharisha, kizunguzungu, na mapigo ya moyo kwenda polepole au bila mpango. Mgonjwa asukutue kinywa kwa maji, asilazimishwe kutapika, na apelekwe mara moja katika hospitali au kituo cha afya kilicho karibu, hata kama hajaonyesha dalili. Anayempeleka achukue kitawi cha mti huo ndani ya mfuko ili daktari autambue. Utomvu ukiingia jichoni, jicho lioshwe kwa maji safi yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, kisha mgonjwa apelekwe kuangaliwa.

UPATIKANAJI WA MICHE

Miche na mbegu zipatikane kutoka vitalu au kwa jirani mwenye mti uliokomaa. Haifai kung'oa miti iliyojiotea porini, kwani mti wenye shina nene umechukua miaka mingi kufikia hali hiyo na mara nyingi hufa baada ya kung'olewa. Mwenye kuleta miche kutoka nje ya visiwa aipitishe kwa wakaguzi wa mimea bandarini au uwanja wa ndege, ili wadudu na maradhi mageni yasiingie katika mashamba ya wananchi.

Yeyote atakayekuwa na tatizo katika utunzaji wa mti huu anashauriwa kumuona bwana shamba au bibi shamba wa eneo lake, na afike na kitawi au jani lenye dalili, likiwa limefungwa vizuri katika mfuko.

Bustani ya nyumbani ni pambo la nyumba na heshima kwa mgeni anayebisha hodi. Waridi la jangwani humwezesha mwananchi wa maweni kuwa na pambo hilo bila kuinyima kaya yake maji. Linalotakiwa kwake ni kuukumbuka mti huo pale udongo unapokauka, kuukinga na masika, na wakati wote kuuweka mbali na mikono ya watoto.